Mwinu: Maua ya kupendeza, sumu ndani

Mwinu, ambao Waluo huuita owinu, ni kichaka cha asili ya Afrika kiotacho kandokando ya Ziwa Victoria, hivyo unaweza kustawi Mwisenge, mjini Musoma.

Hutambulika kwa mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima, yenye vitumba vyeusi kileleni. Majani yake yakifikichwa hutoa harufu inayofanana na ya karanga.

Mbegu zake ngumu hulowekwa katika maji moto usiku kucha, kisha hupandwa penye jua.

Waganga wa jadi huutumia kusafisha tumbo, lakini kuzidisha kipimo kunaweza kuua. Anayeupanda nyumbani auweke mbali na watoto na mifugo, na akate maganda kabla hayajakauka, kwani huenea upesi.