Ubavuni mwa Tairi

Pikipiki yangu ina uzito wa zaidi ya kilo 350, na nyuma hupanda mke wangu. Mwaka 2019 tairi la nyuma likawa kipara. Fundi mmoja hapa Marekani akanitolea jingine la bei nafuu, kashata nzima, jeusi la kupendeza. Nikainama kusoma ubavu wake.

Tairi la upepo lilipewa hataza mwaka 1845, kwa Mskoti Robert William Thomson. Likasahaulika hadi Mskoti mwenzake, John Boyd Dunlop, alipolibuni upya huko Belfast mwaka 1888. Wao walitafuta safari laini. Sisi wa pikipiki nzito tunatafuta kwanza uwezo wa kubeba: namba 77 ni kilo 412 kwa tairi moja, upepo ukiwa umejaa sawasawa, 71 ni kilo 345 tu.

Hilo lilikuwa 77. Ikabaki tarehe. Zamani zilikuwa tarakimu tatu, hata 149 ikaweza kuwa wiki ya 14 ya 1979 au ya 1989, ajuaye nani! Tangu 2000 ni nne. Langu lilisema 1409. Miaka kumi; na mpira huzeeka hata ukilala ghalani.

Nikamrudishia, akanuna. Mke wangu, aliyekwisha vaa helmeti, akaivua, tukarudi kwa basi.