Sindano za Kubadili Ncha

Ndani ya mkoba mmoja wa zipu hukaa jozi kadhaa za ncha fupi za chuma au za mti, nyaya laini za plastiki zenye urefu mbalimbali, vizibo vidogo na kifunguo chembamba kama pini. Ncha mbili zikikazwa kwenye waya mmoja, sindano ya kufumia imekamilika. Kazi ikitaka unene mwingine, ncha zinafunguliwa na nyingine zinakazwa mahali pake, huku vitanzi vikibaki salama kwenye waya. Jina la Kiingereza la kifaa hiki linasema tu kwamba sehemu zake zinaweza kushika nafasi ya nyingine. Kwa Kiswahili, kila mfumaji amejitafutia la kwake.

Newala jambo hili lina uzito. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa jioni hapa ni wa zamani: Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliulalamikia. Juni na Julai, ukungu unapolifunika genge la Shimo la Mungu hata bonde la Ruvuma lisionekane, kofia ya mtoto mchanga si pambo. Lakini vifaa vizuri vya kufumia mara nyingi huagizwa Mtwara au Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Kifurushi kikija na kitu ambacho hukukitaka, nauli ya kukirudisha ni yako. Jina linaloeleweka kwa muuzaji linaokoa pesa.

Tuyapime basi majina yanayowezekana. "Sindano badilifu" linavutia kwa ufupi wake, ila kiambishi -fu au -vu hutaja tabia, kama katika mwaminifu na mvumilivu. Sindano badilifu ingekuwa sindano kigeugeu. "Sindano za kubadilika" linadai kwamba sindano inajigeuza yenyewe. "Sindano za kubadilishana" linaleta picha ya wafumaji wawili wanaoazimana vifaa barazani. Mimi nasimama na "sindano za kubadili ncha". Ni refu kidogo, lakini linataja kazi ya mkono na kitu kinachofanyiwa kazi hiyo. Kuna atakayesema kwamba waya nao hubadilishwa. Ni kweli, ila unene wa sindano unabebwa na ncha, na unene ndio unaoamua ukubwa wa kitanzi. Ile ambayo ncha zake hazifunguki tuiite sindano ya waya. Watu wengine huiita ya mviringo, jina linaloweza kumfanya msikilizaji adhani ni umbo la sindano yenyewe.

Jina hili lina faida nyingine: haliahidi kupita kiasi. Neno la Kiingereza humfanya mnunuzi aamini kwamba ncha yoyote itaingia kwenye waya wowote. Sivyo. Watengenezaji hutofautiana katika upana wa skrubu na meno yake, na wengine hawatumii skrubu kabisa. Ncha hujibana kwa kusukumwa na kuzungushwa kidogo. Mwenye waya wa zamani na aulize kwanza: "Kaka, hizi zinaingia kwenye waya wangu huu?"

Kiungo, yaani pale ncha inapokutana na waya, ndicho cha kukagua kuliko rangi na mkoba. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, uzi nao utakwama, na kila kitanzi kitahitaji kusukumwa kwa kidole safari nzima ya sweta. Karibu na kiungo, kwenye nyaya nyingi, kuna tundu dogo: kifunguo huingizwa humo ili skrubu ikaze vizuri, maana iliyokazwa kwa vidole tu hulegea na vitanzi vikadondoka. Tundu hilohilo lina siri nzuri. Ukipitisha humo uzi mwembamba wa rangi nyingine kisha ukafuma mstari mzima, uzi huo unabaki ndani ya vitanzi vyote, na ukikosea mbele unafumua hadi hapo tu. Naupa jina la uzi wa akiba.

Kuhusu vipimo, sahau namba, shika milimita. Sindano ya milimita 4 ni namba 8 kwa mfumo wa zamani wa Uingereza na namba 6 kwa Marekani. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Zaidi ya hayo, kwa Waingereza namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba, kwa Wamarekani inazidi kuwa nene. Anayeagiza "namba nane" anacheza kamari.

Chuma huteleza na humfaa mwenye mkono mwepesi. Mianzi na mti hushika uzi, na anayeanza atavipenda. Nchi yenye mpingo, ule ambao dunia huutumia kutengeneza klarineti, na uwanda wenye wachongaji wa Kimakonde, wangeweza kutoa ncha nzuri kuliko nyingi zinazoagizwa. Kinachohitajika zaidi ni mashine ya kutia skrubu ya chuma kwenye kitako. Natamani fundi mmoja ajaribu.

Kwa kofia ya mtoto, angalia pia urefu. Ncha za kawaida, za sentimita 12 au 13, hazikunjiki vizuri kwenye duara la sentimita 40. Hapo zinatakiwa ncha fupi. Kwa hiyo andika hivi unapoagiza: sindano za kubadili ncha, milimita 4, ncha fupi, duara la sentimita 40 pamoja na ncha zake. Hayo maneno manne ya mwisho usiyaache, kwa sababu wauzaji wengine hupima waya peke yake.