Sala ya Kila Siku na Kukomaa kwa Imani: Mazoea ya Kiroho ya Wakristo wa Karatu na Ngorongoro katika Nusu ya Pili ya Karne ya 20

1.0 Utangulizi

Historia ya Ukristo katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa kufuata majengo na takwimu: misheni ilifunguliwa lini, shule ngapi zilijengwa, watu wangapi walibatizwa. Mkabala huo una manufaa yake, lakini hautujibu swali moja la msingi: baada ya ubatizo, imani ilikomaa kwa njia gani? Insha hii inachunguza swali hilo kwa kutazama mazoea ya kiroho ya kila siku katika maeneo mawili jirani yenye maisha tofauti, yaani Karatu, wanakoishi zaidi wakulima na wafugaji Wairaqw, na Ngorongoro, wanakoishi wafugaji Wamaasai. Hoja inayotetewa ni kwamba imani ilikomaa pale mazoea mapya yalipoota katika mazoea ya sala yaliyokuwapo tayari nyumbani, na kwamba wabebaji wake wakuu hawakuwa wale waliolengwa na wamisionari.

2.0 Sala kabla ya misheni

Wamisionari hawakuikuta ardhi isiyo na sala. Wairaqw walimjua Looaa, anayehusishwa na jua na wema, na anayetajwa kwa sura ya kike. Pia walizijua nguvu za neetlangw, zinazohusishwa na chemchemi na ardhi. Katika mikusanyiko yao, mzee alitoa slufay, yaani sala ndefu ya kishairi, na waliohudhuria wakaitikia kwa pamoja. Kwa hiyo, muundo wa kiongozi na waitikiaji, ambao Mkristo anaukuta katika litania na rozari, haukuwa mgeni masikioni mwao.

Kwa Wamaasai, Eng'ai alitajwa katika maisha ya kila siku, na jina lenyewe lina kiambishi cha jinsia ya kike. Mwanamke alipokamua alfajiri alinyunyiza matone ya maziwa na kumwomba Eng'ai alinde watoto na mifugo. Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu wanawake wa Kimaasai na Kanisa, ameonyesha kwamba wanawake walijiona, na walionekana na wengine, kuwa karibu zaidi na Eng'ai kwa sababu ya sala hizo. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu, kwa kuwa linaonyesha kwamba sala ya kila siku ilikuwa na mwenyewe kabla padre hajafika.

3.0 Karatu: kutoka mafundisho hadi jumuiya

Mapadre Weupe, waliotangulia kuinjilisha eneo la Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, iliyodai maandalizi ya miaka minne kabla ya ubatizo. Mbulu ilifanywa eneo la kitume linalojitegemea mwaka 1943, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili chini ya Askofu Patrick Winters wa shirika la Wapallotini. Karatu ilikuwa na imebaki sehemu ya jimbo hilo. Walutheri nao walijenga sharika zao katika eneo hilohilo, na kuanzia mwaka 1963 zikawa chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Katika hatua ya kwanza, mkazo uliwekwa kwenye maarifa: katekisimu, amri na sala zilizokaririwa. Kukariri hakupaswi kudharauliwa. Mtu asiye na kitabu alibeba kichwani sala ya asubuhi, sala ya jioni na Malaika wa Bwana, akaweza kusali shambani au machungani. Hata hivyo, kipimo kilikuwa cha mtu mmoja mmoja: je, amehudhuria, na je, anajua?

Mabadiliko mawili yaliupanua msingi huo. La kwanza ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ulioruhusu ibada kuadhimishwa kwa lugha za watu. La pili ni uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana mwaka 1976 chini ya AMECEA, wa kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Katika jumuiya hizo, kaya chache za majirani hukutana kila juma katika nyumba mojawapo, husoma Injili, husali, na hupanga jinsi ya kumsaidia mgonjwa au aliyefiwa.

Mpango huo uliwafaa Wairaqw kwa sababu ya kihistoria. Robert Thornton, katika utafiti wake wa mwaka 1980, alionyesha kwamba kwao umoja wa kijamii ulijengwa zaidi juu ya kuishi pamoja katika eneo moja, aya, kuliko juu ya ukoo. Karatu yenyewe ilijazwa na familia zilizohama kutoka Irqwa Da'aw katika karne ya 20. Kwa watu waliozoea kuufanya ujirani kuwa undugu, jumuiya ya majirani wanaosali pamoja haikuhitaji maelezo marefu. Sala ilihama kutoka kanisani hadi sebuleni, na kila kaya, kwa zamu, ikawa mwenyeji wa Neno.

4.0 Ngorongoro: kisa cha Loliondo

Loliondo, iliyomo katika Wilaya ya Ngorongoro ya leo, inatupa kisa kinachojulikana zaidi. Mwezi Mei 1966, Vincent Donovan, padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia askofu wake kwamba misheni hiyo, ikiwa katika mwaka wake wa saba, ilikuwa na shule na huduma za tiba zinazothaminiwa, lakini haikuwa na Mmaasai hata mmoja mtu mzima aliyekuwa Mkristo mwenye kushika dini. Aliomba ruhusa ya kuacha yote hayo na kwenda kwenye maboma kuzungumza juu ya Mungu tu. Alizitembelea jumuiya sita, kila moja mara moja kwa juma, kwa muda wa mwaka mzima.

Kisa kilichozaa fundisho kubwa kilitokea karibu na ubatizo. Kwa mujibu wa kitabu cha Donovan cha mwaka 1978, padre alitaka kuwaondoa katika orodha wale waliokosa vipindi, pamoja na wale ambao hawakuelewa vya kutosha. Mzee Ndangoya alimpinga. Alieleza kwamba katika jumuiya wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wenye imani haba walibebwa na wenye imani nyingi. Basi jumuiya nzima ilikuwa na haki ya kusema kwamba imeamini. Donovan alikubali, akawabatiza wote.

Hapa kanuni mbili za malezi ya kiroho zilikutana uso kwa uso. Kanuni ya kwanza huhesabu mahudhurio ya mtu binafsi. Ya pili huuliza kama mtu yumo ndani ya watu wanaosali. Ishara iliyotumika katika Misa ilithibitisha kanuni ya pili: kishungi cha majani, ambacho kwa Wamaasai ni alama ya amani, kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na pale palipokuwa na mtu aliyekataa kukipokea, ugomvi ulipaswa kumalizwa kabla ya Ekaristi. Tendo la kila siku la kupatana likawa sharti la ibada.

5.0 Tathmini

Simulizi la Donovan lina mipaka yake. Wazungumzaji wake wakuu ni wazee wa kiume, na yeye aliamini kwamba mmisionari akishabatiza anapaswa kuondoka. Utafiti wa Hodgson katika maeneo mengine ya Wamaasai unaonyesha kwamba, ingawa wamisionari wa shirika hilo walitaka hasa kuwapata wanaume, waliojaa makanisani walikuwa wanawake. Tukiunganisha taarifa hizi, tunapata maelezo yanayoridhisha: aliyezoea kumtaja Mungu kila alfajiri wakati wa kukamua ndiye aliyekuwa na mahali pa kuiweka sala mpya. Mfugaji anayehama kufuata malisho anaweza kukosa kanisa kwa miezi. Mama hakosi alfajiri.

Inaweza kudaiwa kwamba mazoea huzaa desturi tupu, na Maandiko yenyewe yanaonya dhidi ya maneno mengi yasiyo na moyo. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inaagiza neno la Mungu lizungumzwe nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Kipimo kinachojitokeza katika visa vyetu si wingi wa maneno, bali ni kama sala inambadilisha msali mbele ya jirani yake: mgonjwa ametembelewa Karatu, na majani ya amani yamepokewa Loliondo.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba Karatu na Ngorongoro zilipita njia tofauti kufika mahali pamoja. Wakulima walikomaa kiimani kupitia ujirani wa kudumu. Wafugaji, kupitia boma na sala inayobebeka. Tangu mwaka 2022, baadhi ya wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Majengo ya ibada hayahamishiki, lakini sala ya alfajiri huhamishika. Watafiti watakaoandika sura inayofuata ya historia hii watalazimika kuanza na vyanzo ambavyo havimo katika rejista za parokia, yaani kumbukumbu za akina mama waliosali wakati wa kukamua, nao wengi wao sasa ni wazee.