Ambu na Spoki za Baiskeli

Kupitisha mrija wa kupumulia nilijifunza kwa sanamu ya plastiki. Sanamu haitapiki, haina damu mdomoni. Halafu usiku mmoja akaletwa kijana wa boda aliyegongwa na lori pale Otonglo, na mimi, rejista wa mwaka wa kwanza, nikashika laringoskopu.

Mara ya kwanza niliona damu tu. Ya pili, mrija ukaenda tumboni. Nikajipanga kwa ya tatu huku midomo yake ikigeuka rangi. Klinikal ofisa wa nusukaputi, mzee wa kazi, akanishika mkono.

"Daktari, toa hiyo chuma. Mpe hewa kwanza."

Akaweka barakoa usoni, akabana ambu, ule mfuko wa mpira. Oksijeni ikapanda. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba mtu hafi kwa kukosa mrija. Anakufa kwa kukosa hewa.

Historia tunayosomeshwa ni ya mirija na vyuma: Macewen kule Glasgow, 1878, akipitisha mrija kwa vidole, Macintosh wa Oxford na bapa lake lililopinda, 1943, lile lile nililoshika. Ya mikono haisemwi sana.

Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 31 walipooza kupumua, 27 wakafa ndani ya wiki tatu. Mashine zilikuwa za kuhesabu. Agosti 27, Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi, akamsukumia hewa binti wa miaka 12 kwa mfuko, kupitia mrija uliowekwa kwenye tundu la koo. Binti akaishi. Basi wakaitwa wanafunzi, kama 1,500 kwa jumla, wakabana mifuko kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi.

Mifuko ile ilitegemea gesi ya mtungi. Henning Ruben akatafuta unaojijaza wenyewe, na wa majaribio akautanua kwa spoki za baiskeli. Ambu ikaingia sokoni 1956. Spoki! Na Kisumu hii yetu ya boda za baiskeli, hakuna aliyewahi kuniambia.

Yule kijana, mrija uliingia mara ya tatu, mzee akiwa kando yangu. Mashine ilikuwa na mgonjwa mwingine. Nikavuta stuli, nikabana ambu mpaka alfajiri. Moja mpaka sita, bana. Moja mpaka sita, bana.