Sahani za Buluu na Nyeupe

Wakaao Madungu, Chake Chake, hawako mbali na magofu ya Ras Mkumbuu, yaliyo upande wa magharibi. Katika magofu ya Pemba na ya pwani yote huonekana vigae vya vyombo vya kigeni. Mtu akiona kigae cheupe chenye maua ya buluu, husema mara moja, "Hii ni kaure ya China." Pengine ni kweli, pengine chombo kile chatoka Uajemi. Yafaa tujue sababu ya kufanana kwao.

Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen, nchi ya China, walichora nakshi za buluu juu ya kaure nyeupe. Rangi ile, kobalti, hapo kwanza ililetwa kutoka Uajemi. Vyombo vikarudi Uajemi, vikapendwa mno. Hata Shah Abbas mwaka 1611 aliweka wakfu vyombo zaidi ya 1,100 vya China penye kaburi la Sheikh Safi, mzee wa ukoo wake, mjini Ardabil.

Waajemi hawakuwa na udongo wa kaure. Abu'l-Qasim, wa ukoo wa wafinyanzi wa Kashan, aliandika mwaka 1301 kwamba walichanganya mafungu 10 ya mawe meupe yaliyosagwa, fungu 1 la unga wa kioo na fungu 1 la udongo. Baadaye wakachora juu yake majoka, korongo na mawingu ya Kichina, na wengine wakatia chini alama za kuiga maandiko ya China. Ufalme wa Ming ulipoanguka mwaka 1644, kaure ikawa haba. Waholanzi wakanunua kazi ya Uajemi, hasa ya Kerman. Vigae vyake vilifukuliwa pia katika Ngome ya Yesu, Mombasa, miaka ya 1960.

Je, tutavitambuaje? Tazama penye mvunjiko. Kaure ya China ni ngumu, imeshikamana kama kioo. Ya Uajemi ina chembechembe kama sukari, nayo hunywa maji.

Lakini kigae husema khabari zake kikiwa mahali pake. Hapo humwonyesha mchimbuaji ukuta ule ulikaliwa zamani gani, na wenyewe walifanya biashara na nani. Kikichukuliwa nyumbani, huwa bubu. Basi, msomaji, ukikiona gofuni, kitazame sana, kisha ukiache palepale.