Chimbuko la Kupima Vitamini D kwa Wagonjwa wa Melanoma

Desturi ya kupima vitamini D kwa mgonjwa wa melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ilitokana na mafundisho mawili ya tiba kuhusu jua, yote mawili ya kweli, ambayo hatimaye yalimkuta mgonjwa mmoja.

La kwanza lilitoka Berlin mwaka 1919, ambako daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege, ugonjwa unaolainisha na kupinda mifupa, kwa taa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana ambayo pia huunguza ngozi. Na alipomulika mkono mmoja tu, picha za eksirei zilionyesha kuwa mifupa ya mkono wa pili nayo ilikuwa ikipona. Mkono huo wa pili ndio wenye uzito katika historia hii, kwa kuwa ulidokeza kwamba ngozi hutengeneza kitu kinachosafiri katika damu, na kwa hiyo kinachoweza kupimwa humo, ingawa ni mwaka 1968 tu ambapo maabara ya Hector DeLuca huko Wisconsin, Marekani, ilibainisha umbo la vitamini D litokalo kwenye ini, ambalo ndilo hupimwa hadi leo.

La pili lilitoka Australia, ambako Henry Lancaster alionyesha mwaka 1956 kwamba vifo vya melanoma miongoni mwa watu weupe huongezeka kadiri wanavyoishi karibu na ikweta. Wagonjwa wakaagizwa kukaa kivulini, na katika nchi ya mawingu kama Uingereza agizo hilo liliwanyima chanzo kikuu cha vitamini D.

Mwaka 2009 watafiti wa Leeds waliripoti kuwa wagonjwa wenye vitamini D ya kutosha walikuwa na uvimbe mwembamba zaidi na waliishi muda mrefu zaidi, na mwaka 2015 mwongozo wa kitaifa wa Uingereza ukaelekeza kila mgonjwa wa melanoma apimwe anapogunduliwa. Hata hivyo, jaribio la Ubelgiji lililowapa wagonjwa dozi kubwa kila mwezi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024, halikuonyesha kwamba dozi hiyo huzuia saratani kurudi. Hoja iliyobaki imara ni ile ya zamani ya mifupa: mwenye upungufu hupewa vidonge kisha hupimwa tena, maana vitamini hiyo ikizidi mno hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.