Mavuno Yapi? Haki ya Kumuuzia Mbia na Siku Yake ya Kufunguka

Mashambani Sigino, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati, mahindi na mbaazi hupandwa pamoja lakini havivunwi pamoja. Mahindi yakishatoka, mbaazi hubaki zimesimama miezi kadhaa, zinachanua na kujaza maganda huku jirani yake ameshafungwa kwenye magunia. Kwa hiyo mtu wa Sigino akikuahidi kukulipa "baada ya mavuno", umeahidiwa siku mbili kwa mpigo. Kama nyote ni wa hapo, hakuna shida: anayedai anajua mdaiwa amepanda nini, na anajua pia gunia lipi litauzwa na lipi litaliwa. Taabu huanza pale maneno hayo matatu yanapoandikwa kwenye karatasi na kusomwa na mtu wa Arusha au Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona mbaazi ikiwa imesimama peke yake kati ya mabua makavu.

Nimeanza na mbaazi kwa sababu istilahi ninayotaka kuieleza ina ugonjwa huohuo, ila wenyewe umevaa suti.

Mwekezaji anaponunua sehemu ndogo ya hisa katika kampuni isiyouza hisa zake sokoni, swali lake la kwanza ni la mlango wa kutokea. Hisa za kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam unaweza kuzipeleka kwa dalali. Hisa za kiwanda cha kukamua alizeti cha watu watano utampelekea nani? Ndiyo maana mwekezaji hudai kifungu kinachosema: ikifika siku fulani, au likitokea jambo fulani, nitakuwa na haki ya kukuambia "nunua hisa zangu", nawe utazinunua kwa bei tuliyopatana au kwa kanuni tuliyoiandika. Yeye ana hiari. Wewe huna.

Kiingereza kimeipa haki hii jina linalotokana na kitenzi cha kuweka, kana kwamba mwenye hisa anakuja, anaziweka mezani pako na kuondoka. Waandishi wetu wa mambo ya fedha wameandika "chaguo la kuuza", "opsheni ya kuuza", na mara nyingi zaidi "haki ya kuuza". Hili la mwisho linanikera. Haki ya kuuza kila mtu anayo juu ya mbuzi wake. Anachokosa ni mnunuzi. Uzito wa kifungu chenyewe uko kwa yule atakayelazimika kununua, na hapo Kiswahili kina kifaa ambacho lugha nyingi zingekionea wivu, yaani kiambishi kidogo cha kutendea. Ukisema kuuza, macho yako kwenye mali. Ukisema kumuuzia, ameshatokea mtu, na hawezi kujificha. Ndiyo sababu napendekeza "haki ya kumuuzia mbia". Kuna atakayesema "haki ya kuuzia" inatosha, lakini hiyo bila yule "-m-" inarudi kuwa kama bei ya kuuzia na kibanda cha kuuzia. Huyo "-m-" ndiye mdaiwa, asiondolewe. (Haki ya upande wa pili, ya kuzichukua hisa za mwenzako atake asitake, isije ikaitwa kwa ulinganifu "haki ya kumnunua mbia", hiyo ilikomeshwa pamoja na soko la watumwa la Mkunazini.)

Jina la haki limepatikana. Jina la siku yake ni gumu zaidi.

Kiingereza hapa huazima mfano wa bunduki: siku ambayo kifyatuo kinavutwa. Ukifasiri neno kwa neno unapata "tarehe ya kufyatua", na Sigino kama kwingine nchini, mtu akisikia kufyatua anafikiria matofali. "Tarehe ya kichocheo" inanuka hospitali. "Tarehe ya kuiva" ni tamu, lakini tayari ina mwenyewe: hatifungani ndizo huiva, na zikiiva hulipwa bila mtu kuomba. Haki ya kumuuzia mbia hailipwi kwa kufika siku. Siku ikifika, mlango unafunguka tu, na mwenye haki anaweza kuketi nje mpaka ufungwe tena. Kwa hiyo mimi huandika "siku ya kufunguka", na mwenzake "siku ya kufungwa", na katikati yake "kipindi cha kutumia haki". Anayepita mlangoni hutoa "taarifa ya kumuuzia mbia".

Ila kuna neno moja katika mjadala huu ambalo tumelidharau, nalo ni tarehe. Leo tunalitumia kwa nambari ya siku. Kamusi za zamani ziliandika na maana nyingine: habari za matukio kwa mpangilio wake, kitabu cha mambo yaliyopita. Maana hiyo ya kale ndiyo hasa inayoitaja siku ya kufunguka kama ilivyo mikatabani, kwa kuwa ni mara chache sana mkataba kuandika siku hiyo kwa nambari. Unasimulia: likitokea hili, hesabu muda huu, ukifika hapo haki ipo. Ni hadithi fupi yenye siku mwishoni.

Mfano halisi uko Kongo. Vodacom ilipoingia huko, hisa za Vodacom Congo ziligawanywa asilimia 51 kwa Vodacom na 49 kwa mbia wa Kikongo, Congolese Wireless Network. Taarifa za fedha za Vodacom Group za miaka ya 2000 zilieleza haki ambayo mbia huyo alipewa: angeweza kuiuzia Vodacom hisa zinazofikia asilimia 19 ya kampuni. Haki hiyo ilianza miaka 3 baada ya tarehe ya kuanza, ambayo ni Desemba 1, 2001, na iliendelea kwa muda usiozidi miaka 5 baada ya hapo. Angeweza kuitumia kwa mafungu yasiyozidi matatu, kila fungu lisipungue asilimia 5. Bei ingekuwa thamani ya haki ya soko ya siku ile haki inapotumika.

Soma tena sentensi hizo na uone kazi iliyofanywa. "Tarehe ya kuanza" ingeweza kuwa siku ya kusaini, ya kupata leseni, ya simu ya kwanza kupigwa, au ya fedha kuingia benki. Wameichomoa kwenye mashaka hayo kwa kuiandikia nambari. Mlango unafunguka mwaka 2004 na kufungwa mwaka 2009, bila neno "takriban". Mafungu matatu yanamzuia mbia asiuze asilimia moja moja kila wiki kama muuza karanga. Na kwa kuwa bei hupimwa siku ya kutumia haki, siku ina uzito mara mbili: inaamua kama unaweza kuuza, kisha inaamua utapata kiasi gani. Bado imebaki tundu la sindano. Miaka 3 "baada ya" Desemba 1, 2001 ni kuanzia Desemba 1, 2004, au Desemba 2?

Anayedhani swali hilo ni la kutafuta ugomvi amsikilize mpangaji mmoja wa Uingereza. Septemba 30, 1978 alipewa notisi ya kuondoka eneo lake la biashara, na sheria ilimpa miezi 4 ya kwenda mahakamani. Akaenda Januari 31, 1979. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya kibinadamu kabisa: notisi ilitolewa siku ya mwisho ya mwezi, basi miezi minne huisha siku ya mwisho ya mwezi. Mwaka 1981, katika kesi ya Dodds na Walker, mahakama ya juu kabisa ya huko ikasema hapana. Siku ya kupokea notisi haihesabiwi, na mwezi huisha kwenye nambari ileile ulikoanzia. Thelathini kwa thelathini. Alichelewa siku moja, akapoteza eneo.

Miaka 16 baadaye mahakama hiyohiyo ilipokea kesi ya Mannai na Eagle Star. Mpangaji alikuwa na haki ya kuvunja mkataba siku utakapotimiza miaka 3 kamili tangu kuanza kwake, yaani Januari 13, 1995. Notisi yake ikataja Januari 12. Safari hii majaji 3 dhidi ya 2 wakaiokoa, wakisema mwenye nyumba yeyote mwenye akili timamu angejua ni siku gani iliyokusudiwa. Lakini jaji Hoffmann, mmoja wa hao watatu, alitoa tahadhari kwa mfano wa karatasi: mkataba ukitaka taarifa iandikwe kwenye karatasi ya buluu, ya waridi haifai hata kama kila neno lililomo liko wazi. Kosa la maneno husameheka, kosa la sharti halisameheki. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Tanzania, ila mawakili wetu huyanukuu.

Sheria yetu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinabatilisha makubaliano ambayo maana yake haina uhakika wala haiwezi kupatiwa uhakika. Hiyo sehemu ya pili ndiyo muhimu. Sheria hailazimishi siku iandikwe. Inataka iweze kupatikana. "Siku 90 baada ya hesabu za mwaka kukaguliwa na kusainiwa" inapatikana. "Mambo yakikaa sawa" haipatikani, hata kwa darubini.

Baina ya hizo mbili kuna vifungu vinavyoonekana salama. Vinavyopendwa na wawekezaji ni vile vya kuorodheshwa sokoni: kampuni isipoorodheshwa ndani ya miaka kadhaa, haki ya kumuuzia mbia inafunguka. Sasa kuorodheshwa ni siku gani? Vodacom Tanzania, sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, ilifungua maombi ya ununuzi Machi 2017 kwa shilingi 850 kwa hisa. Muda ukaongezwa. Hisa zilianza kuuzwa na kununuliwa kwenye soko la Dar es Salaam Agosti 15. Tuchukulie, kwa mfano wa kutunga, kwamba mwekezaji wa kampuni nyingine yenye ratiba kama hiyo ameandikiwa kuwa haki yake inafunguka ikiwa kampuni "haijaenda sokoni" kufikia Juni 30. Imekwenda au haijaenda? Machi watu walishapanga foleni wakilipa. Juni hakuna aliyekuwa ameuza hata hisa moja. Kitenzi "kwenda" kinatosha kumfikisha mtu kwa wakili.

Kiswahili nacho kina mitego yake ambayo haimo katika mikataba tunayoifasiri, na tangu Bunge lilipokifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, mitego hiyo si ya mzaha tena. Kwa saa yetu, saa za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na kwa desturi ya pwani usiku huutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Tanga ni Alhamisi jioni. Taarifa ya kumuuzia mbia ikitakiwa ifike "kabla ya saa 12", ni asubuhi au jioni? Ongeza na "siku ya kazi". Idd el-Fitr ni mapumziko ya siku mbili ambazo hakuna anayeweza kuziandika kwa uhakika miaka 5 kabla, maana mwezi haujaandama. Siku ya kufungwa ikiangukia hapo, mkataba useme waziwazi kama inasogea mbele au inarudi nyuma.

Turudi Sigino, kwenye kile kiwanda cha alizeti nilichokitaja, ambacho ni cha kutunga. Kijana wa familia ya wabia amesoma, naye ndiye aliyeandika kifungu: "Mwekezaji atakuwa na haki ya kuwauzia wabia hisa zake zote kuanzia saa 2 asubuhi ya Septemba 1, 2030 mpaka saa 10 jioni ya Novemba 30, 2030, siku zote mbili zikihesabiwa, kwa taarifa ya maandishi itakayopokelewa na katibu wa kampuni ndani ya kipindi hicho." Anamsomea baba yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye kiwanja.

"Baba mkubwa, kwa nini unatikisa kichwa? Tarehe zipo, saa zipo."

"Zipo, mwanangu. Ila Septemba hiyo alizeti tumeshauza, hela ipo mkononi, na Novemba tumeshainunulia mbegu. Huyu bwana akija Septemba tutamlipa. Akija Novemba tutamlipa nini?"

Kijana akachukua kalamu, akakata Novemba.